Spika Tano Ndani ya Kumi kwa Kumi

Hoja iliyo mezani ni fupi. Mtu mwenye shilingi 15,000 na chumba cha kupanga huku Eastlands, Nairobi, anunue nini ili filamu isikike ikimzunguka, kama aliyeketi sinema? Nimeipeleka kwa sauti nne na kuziketisha kibandani kwa fundi wa redio pale Mutindwa, soko lililobanana kati ya Buruburu na Umoja, ambako ubishi wa namna hii huzuka wenyewe bila kuitwa. Majina sikuwapa, nafasi zao zinatosha. Kijana amepanga chumba kimoja Umoja Innercore, ghorofa ya tatu. Jirani ni mlinzi wa usiku, na kitanda chake kimegusa ukuta uleule wanaogawana na Kijana. Mama ana nyumba Buruburu na homu thieta ya zamani iliyofungiwa kabatini. Fundi ndiye mwenye kibanda. Mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kujizuia.

KIJANA: Fundi, mimi nishaamua. Nimeiona dukani Luthuli Avenue. Spika tano, wufa, rimoti, Bluetooth, taa zinacheza na ngoma. Katoni imeandikwa 5.1, wati 12,000. Nikiinunua bado nabaki na nauli ya wiki.

FUNDI: Wati ngapi?

KIJANA: 12,000.

FUNDI: Soketi ya kwako ni ampea 13, stima yetu ni volti 240. Zidisha. Unapata wati 3,120, na hapo ni kama umechomoa kila kitu kingine. Sasa hizo nyingine wanazitoa wapi, kwa majini?

KIJANA: Imeandikwa PMPO.

FUNDI: PMPO ni hesabu ya mwenye kuchapa katoni. Hakuna kipimo kinachokubalika cha kuipata, kila kiwanda huandika kinavyotaka. Wewe mwambie muuzaji ageuze ile wufa, usome kibandiko kidogo kilicho karibu na waya wa stima. Utakuta wati 40, wati 60. Hicho ndicho chakula chake, na mashine haitoi zaidi ya inachokula. Kama kuna mahali pameandikwa RMS, hiyo ndiyo namba ya kuulizia.

KIJANA: Wati 60 si ni balbu, fundi?

FUNDI: Spika ya kawaida ukiipa wati moja, moja tu, ukakaa mita moja mbele yake, inakupa desibeli 85 hivi. Watu wawili wakizungumza ni kama 60. Na ujue ukitaka sauti iongezeke hadi sikio liseme imekuwa maradufu, wati lazima ziongezeke mara kumi hivi. Kwa hiyo kutoka wati 30 hadi 60 ni desibeli tatu, utazisikia kwa shida. Chumbani kwako hutamaliza wati tano kabla mwenye nyumba hajapanda ngazi.

JIRANI: Kabla ya mwenye nyumba nitakuwa nimefika mimi.

MAMA: Ngoja mzee, zamu yako inakuja. Kijana wangu, hebu nikuulize. Hizo spika tano utazileteaje sauti tano?

KIJANA: Mama, si naweka flashi? Au waya kutoka kwa TV.

MAMA: Waya upi?

KIJANA: Ule wa shimo la earphone.

Hapa Fundi alicheka, na kicheko chake kilikuwa na haki. Ndiyo sehemu ya mambo haya ambayo katoni huificha vizuri kuliko wati. Filamu yenye sauti ya 5.1 huja na njia sita zilizofungwa pamoja kwa Dolby Digital au DTS, na kuna kifaa lazima kizifungue: risiva, homu thieta, au saundiba yenye uwezo huo. Njia hizo hupita kwenye waya wa HDMI, kwenye lile tundu la TV lililoandikwa ARC, au kwenye waya wa mwanga. Shimo la earphone hupitisha njia mbili tu, kushoto na kulia, na Bluetooth ya wufa hizi ni vilevile. Wufa ya bei ya chini yenye spika tano ikipewa njia mbili hufanya jambo rahisi: inarudia. Spika ya nyuma inasema kile kile cha mbele. Mtu anazungukwa kweli, lakini amezungukwa na mtu mmoja.

KIJANA: Kwa hiyo hiyo 5.1 ni uongo?

FUNDI: Idadi ya spika si uongo, wamezihesabu sawa. Tafuta nyuma yake. Ukiona matundu sita ya rangi na hakuna pa waya wa mwanga wala HDMI, hiyo haifungui kitu. Inangoja mwingine afungue kisha ailetee. Mwingine huyo huna.

MAMA: Na hata angekuwa naye. Unaangalia nini wewe, tuseme ukweli.

KIJANA: Mpira. Ngoma za YouTube. Movie kwenye flashi, kuna jamaa wa stage ananijazia. DJ Afro sana.

FUNDI: Basi hesabu. Dekoda ya bure, stereo. YouTube, karibu yote stereo. Flashi, filamu zimekazwa ili ziingie nyingi, mara nyingi stereo. DJ Afro naye ameweka sauti yake juu ya filamu ambayo ishachanganywa. Wewe unataka kulipia spika tatu za kazi ambayo hakuna aliyeileta.

Nilidhani mjadala umekwisha hapo. Msimamo wa Fundi ulikuwa umesimama wima: nunua spika mbili nzuri, za mbao, na amplifaya ndogo, umalize. Ndio ushauri ninaoupenda na ambao ningeutoa mwenyewe. Lakini Mama hakuwa amekuja kupitisha muda.

MAMA: Fundi, unamnyima mtoto bila sababu. Mimi yangu ni ya DVD, ile ya spika tano nyembamba na wufa ya kuweka chini. Jicho la diski lilikufa zamani. Lakini kwenye rimoti kuna kidude kimeandikwa PL II. Ukikibonyeza, hata sauti ya njia mbili inagawanyika. Maneno yanakuja mbele katikati, na mvua inahamia nyuma. Si kurudia. Inagawanya.

FUNDI: Hapo mama umenishika.

MAMA: Nimekushika kweli.

Amemshika, na inafaa nieleze kwa nini. Muda mrefu kabla ya diski, filamu za stereo zilikuwa zikichanganywa kwa ujanja: sauti ya nyuma ilifichwa ndani ya njia mbili kwa kugeuzwa kinyume, ya kushoto ikisukuma wakati ya kulia inavuta. Kifaa cha kuitoa mafichoni kiliingia majumbani mwaka 1982 kwa jina la Dolby Surround. Mwaka 1987 kikaja Pro Logic chenye spika ya katikati, na mwaka 2000 Pro Logic II, ndiyo ile PL II ya Mama, ambayo hata muziki wa kawaida wa stereo huutawanya kwa heshima. Homu thieta nyingi za miaka ile ziliwekewa. Kinacholingana kushoto na kulia hupelekwa spika ya katikati, na kinachopingana hupelekwa nyuma. Kwa hiyo msimulizi wa filamu kama DJ Afro, ikiwa sauti yake imerekodiwa sawa pande zote mbili, atatoka katikati, chini ya TV, na milio ya bunduki itabaki pembeni. Sinema ya kibanda cha video, lakini kila mtu amepewa kiti chake.

Ndiyo maana naona thamani ya mitumba hii kuliko vitu vipya vya katoni kubwa. Miaka kumi na zaidi iliyopita kiwanda kilichotaka kuuza homu thieta kililazimika kuweka kifunguzi cha kweli ndani. Leo Ulaya watu wamehamia saundiba na hizo za zamani wanazitoa nyumbani kwa bei ya chakula cha mchana. Zinatua hapa.

FUNDI: Lakini tumwambie na hatari zake. Kijana, hizi tunaziita ex-UK, na kuna sababu tunapenda za UK. Stima yao ni sawa na yetu, plagi ya pini tatu ni ileile. Ukiletewa ya Marekani ni volti 120, ya Japani ni 100. Ukiichomeka kwenye 240, inatoa moshi mbele yako, na muuzaji anakwambia ilikuwa inafanya kazi. Soma mgongoni: iseme 220 hadi 240, au 230.

KIJANA: Na nikipata yenye spika tatu, mbili zimepotea?

FUNDI: Achana nayo. Spika za homu thieta nyingi ni omu tatu au nne, na plagi zake za rangi ni za kampuni hiyo peke yake. Ukiokota spika tofauti ukaunga, sauti hailingani. Ukizichukua zile ndogo ukazipeleka kwa amplifaya inayotaka omu nane, inavuta umeme kupita kiasi na inachemka. Nusu ya zilizo kwenye rafu yangu zimekufa hivyo. Kamili au usichukue. Na rimoti iwepo, maana nyingine hazina hata kitufe cha kubadilisha chanzo cha sauti. Bila rimoti umebeba sanduku.

MAMA: Halafu ijaribiwe hapo hapo dukani, kila spika. Kuna kitufe cha majaribio, inapiga shhh spika moja moja. Usikubali kuambiwa utasikia nyumbani. Huko mjini watu wamewahi kufungiwa sabuni ndani ya sanduku la simu, kwa nini wewe usifungiwe spika bubu?

KIJANA: Kwa hiyo Mama anashinda. Natafuta homu thieta ya ex-UK.

FUNDI: Mama anashinda Buruburu. Wewe hukai Buruburu.

Hili ndilo lililonifanya niandike. Nyumba za Buruburu zilianza kujengwa miaka ya 1970 kwa familia yenye sofa, kabati la vyombo na pengine ngazi ndani. Ziko nyumba ambazo mtu akiketi kuna hatua mbili tatu nyuma ya kichwa chake kabla ya ukuta. Huko nyuma ndiko spika za nyuma huishi. Kipimo cha studio kinasema ziwe pembeni kidogo nyuma ya msikilizaji, nyuzi 110 hivi kutoka pua inakoelekea. Mpangaji wa Innercore, wa Pipeline, wa Kayole, anaishi ndani ya futi kumi kwa kumi. Kitanda ni sofa, na kitanda kimeegemea ukuta. Nyuma ya kichwa chake hakuna hewa. Kuna saruji, halafu maisha ya mtu mwingine.

JIRANI: Sasa nimefikiwa?

FUNDI: Sema, mzee.

JIRANI: Sauti ya kuzunguka tunayo tayari katika hiyo ploti. Mbele kuna kanisa, kushoto kuna baa, chini posho mill, juu mtoto wa watu ana baiskeli ya plastiki. Hiyo ni 4.1 bila kununua chochote. Mimi ninaingia nyumbani saa moja asubuhi kutoka lindo. Huyu kijana, mtoto mzuri, ananisalimia vizuri, akiwasha kile kiwufa alichonacho sasa saa nne, sisikii maneno. Sisikii wimbo. Nasikia kitanda kinapigwa dufu, dufu, dufu.

KIJANA: Mzee pole, lakini hata huwa sifungulii sana.

JIRANI: Najua. Hilo ndilo linaloniudhi.

FUNDI: Anasema kweli, na wewe pia unasema kweli. Kosa ni la chumba. Ukuta hadi ukuta ni mita tatu. Mawimbi ya besi yanaenda na kurudi, na urefu huo unayachochea pale kwenye hezi 56 hivi. Sasa chumba chako ni mraba: urefu unachochea 56, upana nao unachochea 56 ile ile. Noti moja inavimba, nyingine zinakonda. Ndiyo maana ukikaa kitandani besi ni nyingi na ukisimama katikati inapotea. Wewe ukiwa katikati unaongeza. Mzee kitanda chake kiko ukutani, anaipata yote.

MAMA: Na ukuta ni mawe.

FUNDI: Mawe yanazuia maneno vizuri. Besi haizuiliki kirahisi. Tena wufa imekaa sakafuni kwenye kona, kwa hiyo slabu yenyewe inageuka spika.

JIRANI: Mimi niliambiwa kuna sheria.

Ipo. Kanuni za kelele chini ya sheria ya mazingira zilitolewa mwaka 2009, na kwa makazi zinataka ndani ya nyumba kusizidi desibeli 45 mchana na 35 usiku. Usiku wa kanuni unaanza saa mbili usiku na kuisha saa kumi na mbili asubuhi. Katiba ya 2010 nayo ilizipa kaunti kazi ya kudhibiti kelele. Mtu wa kawaida anaona amelindwa. Jirani wetu hajalindwa ipasavyo, mara mbili. Kwanza, usiku wake ni mchana wa sheria. Pili, desibeli hizo ni za kipimo kiitwacho A, kilichotengenezwa kufuata sikio linavyosikia sauti ndogo, nacho hupunguza besi ya hezi 50 kwa karibu desibeli 30 kabla ya kusoma. Afisa anaweza kusimama mlangoni na mashine yake, akaona namba ya unyenyekevu, na kitanda cha mzee bado kinatikisika.

Sisemi sheria haina maana. Nasema mwenye kununua wufa mahali kama hapa anapaswa kumhesabu mtu wa pili katika bei, maana hakuna mwingine atakayemhesabu.

KIJANA: Lakini jamani, mimi nimekulia kwa nganya za ruti 58. Besi ya matatu ndiyo sauti ninayoijua. Nikitoa besi, nabaki na nini? Redio ya shamba?

FUNDI: Matatu ina mambo yake. Ndani ya gari ni padogo sana, hewa yenyewe inabanwa, besi ya chini inajazwa na chombo. Na inatembea. Ikikuudhi, itakuwa Jogoo Road dakika mbili zijazo. Chumba chako hakiondoki.

MAMA: Hakuna aliyesema utoe besi. Sema unataka kusikia nini.

KIJANA: Nataka nikialika wenzangu movie tusikie kama tuko ndani. Na mara nyingi maneno hayasikiki. Naongeza sauti kwa ajili ya maneno, halafu gari likilipuka, mzee hapa anagonga ukuta.

Kwangu mimi hii ndiyo sentensi iliyolipia kikao chote. TV nyembamba za siku hizi spika zake zimetazama chini au nyuma, kwa hiyo maneno ya filamu hufika yakiwa yamegonga ukuta kwanza. Mtu hukimbilia wufa akidhani amekosa nguvu, kumbe alichokosa ni midomo. Wufa haisemi maneno. Alihitaji spika zilizomtazama usoni, basi.

FUNDI: Sikiliza mpango. Spika mbili za mbao za ex-UK, ndogo, inchi tano hivi, kama unajua kubishana hazimalizi nusu ya pesa zako. Amplifaya ndogo ya njia mbili. Waya wa shaba, usininunulie ule wa rangi ya fedha mwembamba kama uzi. TV guard, kwa sababu stima yetu inaruka. Spika ziwekwe juu, masikio yako yalipo ukikaa, moja kila upande wa TV, zikutazame. Utashangaa. Ukikaa katikati, utasikia msemaji ametoka kwenye kioo, na hakuna spika hapo.

MAMA: Na mtu wa pembeni kitandani je, asikie nini? Ameketi na wenzake watatu. Huyo wa pembeni atasikia spika moja tu iliyo karibu naye. Spika ya katikati ina kazi yake, fundi.

FUNDI: Ina kazi. Sikatai.

MAMA: Basi mimi nasema achukue homu thieta nzima, afunge tatu za mbele na wufa kidogo. Mbili za nyuma aziweke chini ya kitanda kwenye sanduku. Akihama kwenye nyumba kubwa, azitoe.

FUNDI: Homu thieta yenyewe inakubali? Iulizwe. Kwenye menyu kuna pa kusema spika za nyuma hazipo, na nyingine hazina. Kama inakubali, mimi sina neno. Spika zake ni za plastiki na muziki utasikika mkavu, lakini maneno yatakuja.

Hawakukubaliana kabisa, na sikuwalazimisha. Nikiulizwa mimi, kwa mtu anayesikiliza muziki zaidi ningeenda na Fundi, na kwa chumba chenye wageni wa filamu ningeenda na Mama. Kwa yeyote anayekaa kumi kwa kumi, ile katoni ya wati 12,000 ningeiacha Luthuli na taa zake zikicheza.

JIRANI: Na wufa?

FUNDI: Wufa itoke konani. Itoke sakafuni: weka kipande cha sponji ya godoro, juu yake ubao, na chini ya ubao soli za malapa ya zamani. Slabu haitaimba tena kama zamani. Ile besi ya hewani itabaki, hiyo dawa yake ni kitufe. Nyuma ya wufa kuna kitufe cha kiasi. Kijana anakiweka juu kabisa kama wote.

KIJANA: Nitakiweka nusu.

JIRANI: Nusu ya nani?

KIJANA: Nusu tu, mzee.

JIRANI: Hapana. Utawasha ile filamu yako yenye milipuko. Mimi nitakuwa kitandani kwangu, mlango umefungwa. Unapandisha pole pole. Nikiisikia kitandani, nagonga. Unarudisha nyuma kidogo, unapaka rangi ya kucha hapo kwenye kitufe. Mchana wote hupiti hiyo rangi.

KIJANA: Na usiku? Wewe usiku uko kazini.

JIRANI: Usiku kuna mama mwenye mtoto upande ule mwingine. Nenda ukapatane naye pia. Utahitaji rangi mbili.

MAMA: Rangi ninayo kwenye mkoba. Nyekundu na ya pinki.

FUNDI: Kabla ya rangi, alete kifaa. Kijana, Jumanne mzigo mpya unafunguliwa. Njoo mapema, uje na flashi yenye filamu unayoijua, na usije na pesa zote mfukoni.